Ua wa minyaa nao una maua

"Mnyaa hauchanui." Husema hivi hata watu waliokulia ndani ya ua wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe kama maziwa, na wa kulaumiwa ni panga lao wenyewe. Mnyaa huchanua kwenye ncha za vijiti, na ncha ndizo tunazofyeka kila mara. Uache mmoja wa pembeni ukue hadi uwe mti, kisha msimu wake ukifika simama karibu utazame. Nyuki, nzi, nyigu na sisimizi wanagombania vikombe vya manjano vya milimita chache tu. Ukingoni mwa kikombe kuna tezi za nekta, yaani maji matamu ya ua, zilizokaa wazi, kwa hiyo hata mdudu mwenye ulimi mfupi hunywa. Na kikombe hicho si ua moja: ni maua mengi yaliyofungashwa pamoja, kila ua dume likiwa stameni moja tu, yaani kijiti kimoja cha kutoa chavua.

"Wangu unachanua lakini hauzai, una ugonjwa." Kwa kawaida mnyaa mmoja huwa dume, mwingine jike. Kwa kuwa tunapanda vipande tulivyokatiwa na jirani, ua mzima unaweza kuwa madume matupu.

"Ni jamii ya mpungate." Hapana. Mpungate asili yake ni Amerika. Mnyaa ni wa Afrika, ndugu wa mhogo na mti wa mpira.

"Maziwa yake ni dawa, hata ya saratani." Hapa ndipo ninapokosa subira. Utomvu huo huunguza ngozi, na una kemikali zinazochochea uvimbe wa saratani kukua. Watafiti wameuhusisha na limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Uganda. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, na mtu anaweza asione kwa siku kadhaa. Osha papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Usingoje kesho.

"Basi tuing'oe yote, hata kivuli chake ni sumu." Kivuli hakina neno, maziwa hutoka kijiti kikivunjika. Mifugo huukwepa utomvu huo, ndiyo maana wafugaji wakaufanya mnyaa boma. Wamaasai huuita emanyara, na inaelezwa kwamba Ziwa Manyara lilipata jina hapo.