Kisasi kazini: kupigwa zengwe baada ya kulalamikia unyanyasaji wa kingono

Chukua mfano wa dada anayeanika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye shamba la mkonge nje ya Tanga. Msimamizi wake ana maneno machafu na mikono isiyotulia. Dada analalamika ofisini kwa maandishi. Hakaripiwi. Wiki inayofuata anahamishiwa korona, mashine ya kuchakata mkonge, kwenye maji na kelele. Mara barua ya onyo kwa kuchelewa dakika tano, kosa ambalo kila mtu pale analo, kisha barua ya kuachishwa. Mtaani tunasema kapigwa zengwe. Hicho ndicho kisasi kazini: mwajiri kumuumiza mfanyakazi kwa sababu amelalamika.

Wengi huchanganya kisasi na unyanyasaji wenyewe. Anayelipiza anaweza kuwa meneja ambaye hakumgusa dada wa watu hata siku moja, ila amekasirika kwamba "katia doa kampuni".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Pia inakataza kumwachisha mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ya kumwachisha ilikuwa halali ni wa mwajiri. Ndiyo maana tarehe zina uzito kuliko machozi: lalamiko lilipokelewa lini, onyo la kwanza lilitoka lini? Miaka sita bila onyo, halafu matatu ndani ya mwezi mmoja, mwajiri ana kazi ya kueleza. Nakala ya lalamiko igongwe muhuri wa kupokelewa, ikae nyumbani, si kwenye kabati la kazini.

Hata aliyejiuzulu hajafungiwa mlango. Mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka ukaacha, sheria inakuhesabu kuwa umeachishwa.

Shauri huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa usuluhishi kwanza, likishindikana linaamuliwa. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Msimamizi aliyetaka ngono ili atoe zamu nzuri ni habari nyingine, ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa: hiyo ni rushwa ya ngono.

Kinachowaponza watu ni muda. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, migogoro mingine 60. Huku kwetu siku hizo huliwa na vikao: mjomba aongee na meneja, wazee wasubiriwe. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na sababu ya "tulikuwa tunasuluhishwa nyumbani" haipokelewi kirahisi.