Chungu mvunaji: maana ya jina, ukoo wake na namna ya kumtambua

Chungu mvunaji ni chungu anayeishi kwa kuokota mbegu za nyasi na magugu, kuzipeleka shimoni, kuzimenya, kisha kuziweka katika maghala yaliyochimbwa ardhini ili kundi lipate chakula nyika ikikauka. Katika sayansi wako chungu wa jenasi kadhaa, yaani makundi ya spishi zinazohusiana kwa karibu, wanaofanya hivyo, lakini jenasi iliyobeba jina lenyewe ni Messor, neno la Kilatini lenye maana ya mvunaji. Upande wetu wa Bonde la Ufa mvunaji anayejulikana zaidi ni Messor cephalotes, yule chungu mkubwa mwenye wekundu na weusi anayepatikana kwenye nyasi za Gilgil na Naivasha.

Kabla ya kwenda mbali inafaa kunyoosha majina, kwa sababu watu wengi Nakuru humwita siafu chungu yeyote anayeuma, na mchwa kila kidudu kinachotoka ardhini. Siafu ni wa jenasi Dorylus. Wafanyakazi wake hawana macho, huwinda wanyama wadogo kwa msafara, na kundi zima huhama. Mvunaji ana macho, ana makao ya kudumu, na chakula chake kikuu ni nafaka. Mchwa naye si chungu kabisa. Ndugu zake ni mende. Kumbikumbi wanaouzwa kwa vipimo sokoni Kisumu na Kakamega, wale Wajaluo wanaowaita ngwen, ni mchwa wenye mabawa. Ukimwokota mmoja chini ya taa utaona mabawa manne yanayolingana urefu, vipapasio vilivyonyooka kama uzi wa shanga, na mwili usio na kiuno. Chungu mwenye mabawa ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko, na kiuno chembamba. Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja, kwa kuwa malkia wa mvunaji huruka msimu uleule wa mvua ambao kumbikumbi hutoka.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hapo ndipo jina lilipotoka. Wafanyakazi hutoka kwa njia waliyoisafisha wenyewe, kijia chenye upana wa vidole kadhaa kisicho na majani, kinachofuatwa kwa harufu. Mwisho wa kijia hutawanyika, kila mmoja akitafuta mbegu iliyoanguka au akikata iliyo bado kwenye shuke, kisha hurudi akiwa ameishika kwa taya. Ndani ya shimo kazi hubadilika. Wafanyakazi wa kundi moja hawalingani: wadogo hawafiki sentimita moja, wakubwa hukaribia moja na nusu na vichwa vyao ni vikubwa kupita kiasi. Si ubongo uliojaa humo, ni misuli ya kufungia taya, na ndiyo nguvu inayovunja ganda gumu la mbegu. Makapi hutolewa nje na kumwagwa kuzunguka mlango. Duara hilo la kumvi, lenye rangi hafifu kuliko udongo, ndiyo alama ya kwanza ya kutafuta ukitaka kujua kama shimo ni la mvunaji. Mlango wa mchwa hauna kitu cha aina hiyo.

Mbegu iliyomenywa hutafunwa kwa muda mrefu na wafanyakazi kadhaa ikichanganywa na mate hadi iwe unga laini wenye unyevu, ambao watafiti wa chungu, na wale wanaowafuga kama burudani, huuita mkate wa chungu. Huo ndio wanaolishwa mabuu. Mvunaji halishwi na nafaka peke yake: wadudu waliokufa nao huletwa, kwa kuwa mabuu yanahitaji protini ili yakue.

Adui mkubwa wa ghala ni maji. Mbegu ikilowa huota au huota ukungu, na ukungu ukiingia katika chumba kimoja unaweza kuenea. Chungu wa jenasi Messor wana njia mbili za kujilinda. Ya kwanza ni kukata ncha ya mzizi mchanga pale mbegu inapoanza kuchipua, hivyo ikafa huku wanga wake ukibaki. Ya pili ni kuitoa mbegu iliyolowa nje baada ya mvua, kuianika karibu na mlango na kuirudisha ikikauka. Mkulima wa mahindi wa Njoro anayetandaza nafaka kwenye turubai kabla ya kuitia ghalani anapambana na tatizo lilelile la unyevu.

Kwa mwenye malisho hapa pana jambo la kuzingatia. Mbegu ndogo za nyasi, kama Boma Rhodes, zikirushwa juu ya ardhi kavu na kuachwa wazi zikisubiri mvua, ni karamu kwa mvunaji. Shamba huota kwa viraka, na mwenye shamba hulaumu muuza mbegu. Dawa yake ni kupanda mvua ikiwa imekaribia kabisa, kufukia kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita 2, na kukandamiza kidogo. Kumwaga dawa ya mchwa mlangoni hakusaidii sana: inaua wafanyakazi waliokuwa juu, nao ndio wepesi kuzalishwa upya, ilhali malkia yuko chini asikofikiwa. Na kuna hasara nyingine ya kuwaua: unapoteza faida wanayoleta. Baadhi ya mbegu hudondoka njiani au husahauliwa, huota mbali na mmea mama, na udongo wa shimo huwa umechimbuliwa na kurutubishwa na mabaki. Kwa maoni yangu, kwenye malisho ya asili shimo la mvunaji liachwe lilivyo.

Malkia anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani asipoeleweka hata sheria inayomlinda itaonekana ya ajabu. Mvua ndefu zinapoanza na udongo kulainika, vijana wenye mabawa, wa kike na wa kiume, hutoka mashimoni na kujamiiana. Dume hufa muda mfupi baadaye. Jike huyakata mabawa yake mwenyewe, hutafuta udongo unaochimbika, huchimba chumba kidogo na kujifungia humo. Tangu siku hiyo hali chakula chochote kutoka nje. Misuli mikubwa iliyokuwa ikiendesha mabawa, ambayo sasa haina kazi, huyeyushwa mwilini pamoja na mafuta aliyojiwekea, na kwa akiba hiyo huyalisha mabuu ya kwanza. Yai huwa buu, buu huwa pupa, hatua ya kutulia kabla ya kukomaa, na pupa hutoa mfanyakazi. Mzunguko huo huchukua wiki kadhaa kulingana na joto. Wafanyakazi wa kwanza huwa wadogo sana kwa sababu akiba ya mama ni ndogo. Ni hao wanaofungua mlango na kwenda kutafuta mbegu ya kwanza. Ikiwa akiba imekwisha kabla hawajatoka, au chumba kikajaa maji, au kikafukuliwa, kundi limeisha kabla ya kuanza, na majike wengi huishia hivyo.

Anayefaulu hutaga kwa miaka mingi akitumia mbegu za kiume alizozihifadhi tumboni tangu siku ile ya kuruka. Yai lililorutubishwa huwa jike, yaani mfanyakazi au malkia mpya. Lisilorutubishwa huwa dume. Kwa hiyo dume hana baba. Na malkia akitolewa shimoni hakuna mfanyakazi anayeweza kuvaa nafasi yake: kundi litaendelea kuchuma kwa muda, litapungua, kisha litakwisha.

Uwezo wake wa kukaa bila kula ndio uliofanya biashara haramu ya malkia, wanaouzwa kwa watu wanaofuga chungu, iwezekane. Malkia aliyekwisha kupandwa akitiwa ndani ya neli ya kioo yenye pamba iliyolowa, hubaki hai kwa wiki nyingi. Mwezi Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na takriban malkia 5,000 waliofungwa hivyo, wengi wao Messor cephalotes, na mwezi Mei mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Wako waliouliza chungu ana thamani gani hata mtu afungwe. Hesabu ni rahisi: malkia 5,000 ni hadi makundi 5,000 ambayo yangeweza kuanza kwenye nyasi zetu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haibagui kwa ukubwa wa mwili. Mdudu wa asili wa porini naye ni mnyamapori, na kumkusanya au kumsafirisha kunahitaji kibali.

Tukimpanga katika ukoo wake, tunashuka hivi: familia Formicidae, yaani chungu wote, nusufamilia Myrmicinae, ambayo kiuno chake kina vifundo viwili badala ya kimoja, kabila (kundi la jenasi zinazokaribiana) Stenammini, jenasi Messor, spishi cephalotes. Vitabu vya zamani vitamweka katika kabila Pheidolini. Havikukosea kwa wakati wake, ila mwaka 2015 makabila ya Myrmicinae yalipangwa upya kwa kutumia DNA. Jenasi ilitajwa na Mswisi Auguste Forel mwaka 1890, na spishi yetu ilielezwa na Mwitalia Carlo Emery mwaka 1895. Neno cephalotes linahusu kichwa, na peke yake halitoshi kumtaja chungu: mkata-majani wa Amerika, Atta cephalotes, analo pia. Vivyo hivyo Pheidole megacephala, mvamizi mwenye kichwa kikubwa aliyewaondoa chungu walinzi wa miiba kwenye migunga ya Laikipia, ana jina linalokaribiana lakini ni jenasi nyingine na tabia nyingine. Jina kamili ni maneno mawili, daima.

Jinsi jina moja linavyoweza kuficha mengi, tazama ndugu zake wa nyika za Ulaya na Asia. Tangu 1798 chungu wavunaji wengi wa huko waliitwa Messor structor. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha DNA na maumbile, wakakuta spishi tano chini ya jina hilo moja. Mojawapo, Messor muticus, ndiye wa nyika za mashariki, kuanzia Ukraine kuelekea Asia ya Kati. Huko kuna majira ya baridi kali, na kundi hutulia chini kwa miezi. Wa Gilgil hana baridi ya namna hiyo. Ratiba yake huamuliwa na mvua na kiangazi.

Mwaka 2025 likatokea kubwa zaidi. Ilibainika kwamba malkia wa Messor ibericus, mmoja wa wale watano, huzaa madume wa spishi mbili: wa kwake, na wa Messor structor. Wafanyakazi wake wote ni machotara, hivyo anahitaji mbegu ya kiume ya structor. Mahali kusikokuwa na makundi ya structor, hujizalia madume hao: hutaga mayai yasiyobeba DNA yake katika kiini, na dume anayetoka ni nakala ya baba, yaani dume wa structor aliyempanda malkia. Madume hao wa mama mmoja hutofautiana hata kwa macho, wa spishi moja wana vinyweleo vingi na wa nyingine karibu hawana.

Kwa hiyo jicho peke yake lina mipaka, lakini likitumiwa vizuri humfikisha mtu hadi kwenye jenasi. Anza na duara la makapi na kijia kilichosafishwa. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara kumi na utazame kiuno kutoka ubavuni: vifundo viwili vinaonyesha Myrmicinae, kimoja kinamwondoa mvunaji moja kwa moja. Angalia kama wafanyakazi wanatofautiana ukubwa na kama wakubwa wana kichwa kipana, cha mraba. Shimo likiwa limefukuliwa na tingatinga au mnyama, pupa zake zitaonekana tupu, miguu ikiwa imekunjwa waziwazi, bila kifuko cha hariri kama kile cha chungu wa nusufamilia Formicinae.

Ukitaka mtaalamu akuthibitishie, usimchukue chungu bila kibali, piga picha. Kosa la kawaida ni kupiga kutoka juu tu, ambapo vifundo vya kiuno havionekani, au kumpiga mfanyakazi mdogo peke yake kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Zinatakiwa picha tatu za mfanyakazi mkubwa: ubavuni, usoni na juu, rula ikiwa pembeni, na ya nne ya mlango wa shimo. Andika tarehe, saa, jina la mahali, kimo kutoka usawa wa bahari na aina ya udongo. Simu nyingi huhifadhi mahali ndani ya picha, ila picha ikitumwa kwa programu za ujumbe taarifa hiyo mara nyingi hufutwa, kwa hiyo iandike kando.