Joto la bahari la zamani: dhana potofu na ukweli

Huku Moshi bahari hatuioni, lakini mahindi yetu yanaijua. Bahari ya Hindi ikipata joto kupita kawaida upande wetu wa magharibi, mara nyingi vuli huja na mvua nyingi. Ikipoa, mkulima hubaki akitazama mawingu yakipita. Hiyo "kawaida" kwa sehemu imejengwa kwa vipimo vya mabaharia wa zamani, ambavyo wanasayansi huvirekebisha kwanza. Ndiyo maana swali la mwanafunzi wangu wa kidato cha nne sikuliacha lipite: "Mwalimu, kama wanarekebisha vipimo vya zamani, si wanachakachua?"

Dhana: Nyuzi 26 ni nyuzi 26, ziwe za 1920 au za leo.

Sivyo. Baharia alikuwa anateka maji kwa ndoo, anaivuta hadi sitahani, kisha anatumbukiza kipimajoto. Ndoo nyingi zilikuwa za turubai. Turubai lililolowa likipigwa na upepo hupoa, na maji yaliyomo hupoa nalo. Tulijaribu uwanjani: maji ya vuguvugu ya sufuria moja, nusu kwenye mfuko wa turubai, nusu kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, vyote vimening'inizwa kivulini. Baada ya dakika kumi maji ya turubai yalikuwa yamepoa kuliko ya plastiki, na watoto wakawa wanakimbia huku na huku kusoma upya wakidhani wamekosea.

Meli nyingine zilipima maji yanayovutwa kupoza injini, na chumba cha injini huyaongezea joto. Sasa tazama 1945. Wakati wa vita rekodi nyingi zilitoka meli za Marekani, zilizopima kwenye injini. Vita vilipokwisha, za Uingereza zenye ndoo zikarudi kwa wingi. Wastani wa joto la dunia ukaonekana kuporomoka kwa takriban nyuzi 0.3. Kwa miaka mingi watu walitafuta sababu angani. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa kilichobadilika sana ni mchanganyiko wa meli na njia ya kupima.

Dhana: Kurekebisha ni kuchakachua.

Anayechakachua hufuta. Kwenye hifadhi nzuri ya data namba ya awali hubaki, ikabandikwa alama ya ubora: kwa maboya ya Argo, yanayoelea baharini yakipima joto, 1 ni nzuri, 4 ni mbovu. Na hili nalisema kwa msisitizo: marekebisho ya ndoo huinua joto la miaka ya mwanzo, kwa hiyo *hupunguza* ongezeko la joto la muda mrefu. Anayetaka kutia chumvi asingefanya hivyo.

Dhana: Kompyuta itayanasa makosa yote.

Mengine, ndiyo. Meli iko latitudo 3°20' kusini, longitudo 47°20' mashariki, katikati ya bahari. Karani akiandika 37 badala ya 47, meli imetia nanga hapa Moshi, jaribio la "je, ni nchi kavu?" humnasa papo hapo. Lakini akikosea 47 kuwa 48, bado ni bahari, na kosa linapita kimya. Ukikaza chujio kupita kiasi, unatupa pia joto la ajabu lililotokea kweli.

Dhana: Metadata ni mambo ya makarani tu.

Metadata ndiyo maelezo ya kipimo: chombo gani, kina gani, nani, saa ngapi. Vipimajoto vya kutupwa baharini, vilivyoenea tangu miaka ya 1960, havipimi kina. Kina hukokotolewa kutokana na sekunde za kuzama, na kila aina huzama kwa kasi yake. Rekodi nyingi hazitaji aina. Na kwenye baadhi ya rekodi za meli za Kijapani desimali zilikatwa wakati wa kuhamishia data kwenye kadi za matundu, yaani kadi za karatasi zilizotobolewa ili mashine izisome: 24.9 ikawa 24. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 2019.

Shuleni kwetu kipimamvua kilihamishwa karibu na mparachichi, na daftari halisemi lini. Wanafunzi wameanza kuwauliza wazee wa jirani.