Kamera ya mfukoni: anza na tundu la maiki, 4K baadaye

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani na usimame hatua mbili mbali nao. Rekodi sekunde kumi kwa 4K, kisha sekunde kumi kwa 1080p, yaani Full HD ya kawaida, bila kusogea. Hamishia faili zote mbili kwenye laptopu, simamisha picha, zikuze mpaka zilingane, halafu jaribu kusoma herufi za matangazo madogo. Kama za 4K hazisomeki vizuri kuliko za 1080p, ulichonunua ni boksi. Picha halisi ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Kamera nyingi za bei ya chini zilizoandikwa "4K 48MP" kwa rangi ya dhahabu zina kihisi (kipande cha ndani kinachopokea picha) kisichofika hapo. Programu ya ndani huitanua picha ndogo kama mtu anayesukuma donge dogo la chapati lijaze kikaango kikubwa: upana unaongezeka, unga ni ule ule.

Naanza na jaribio hili kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu kamera ndogo huanza na "ina 4K?" Mimi nina maswali manne yanayotangulia hilo. Ina tundu la maiki? Inaweza kurekodi fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 25 au 50 kwa sekunde? Inakuruhusu kufunga mwangaza usibadilike wenyewe? Inaendelea kurekodi ikiwa kwenye chaji? Ikikosa mawili kati ya hayo, iache hapo hapo kwenye kaunta.

Na kabla ya kaunta, kuna simu yako. Kamera za mfukoni zilikuwa na soko kubwa zamani. Cisco ilinunua kampuni iliyotengeneza kamera ya mfukoni ya Flip mwaka 2009 kwa dola milioni 590, na 2011 ikaifunga biashara hiyo, kwa kuwa simu zilikuwa zimeanza kufanya kazi ile ile. Kwa hiyo kamera ya leo lazima ikupe kitu ambacho simu haina: kuvuta karibu kwa lenzi badala ya kukata picha, betri ya kubadilisha, kadi ya kutoa, tundu la kufungia stendi, na amani ya kutokatizwa na mtu anayepiga katikati ya hotuba. Kama huhitaji hata kimoja katika hivyo, nunua maiki na stendi, ubaki na simu.

Anayerekodi mihadhara, mahafali, ibada au vikao, akiwa mita kumi au ishirini kutoka jukwaani, anahitaji lenzi inayovuta. Hapo Handycam, kamera ya video ya kushika mkononi ya Sony, iliyotumika bado haijapata mpinzani kwa bei yake. Sony HDR-CX405, kwa mfano, huvuta mara 30 kwa lenzi, ni nyepesi, na waya wake wa USB umeshonwa kwenye mkanda wa mkono, haupotei. Ubaya wake ni mawili: haina tundu la maiki, na kihisi chake ni kidogo sana, hivyo ukumbi wenye taa hafifu unatoka na chenga. Kwa anayezungumza mbele ya kamera chumbani au dukani, kamera yenye kihisi kinachoitwa cha inchi moja inafaa zaidi. Jina hilo ni la kibiashara tu. Upana wake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Hata hivyo eneo lake ni kama mara nne ya kihisi cha kamera ndogo za kawaida, na tofauti utaiona jua likizama. Sony ZV-1 ya 2020 iko kundi hili na ina tundu la maiki, ila betri yake ndogo huisha baada ya kama dakika 45 za kurekodi, kwa hiyo panga bajeti ya betri tatu. DJI Osmo Pocket 3 ya 2023 ina kihisi cha ukubwa huo huo na shingo inayotuliza mtikisiko. Ni nzuri kwa anayetembea, lakini betri yake haitoki, na bei yake si ya "nafuu" hata ikiwa imetumika. Za michezo kama GoPro ni ngumu na haziogopi maji, lakini hazivuti, na usiku hazina raha.

Ukiwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na kadi yako mwenyewe, hedfoni na pawabenki. Washa kamera, rekodi dakika nzima ukitembea, kisha ukiwa umesimama, kisha ukiielekeza kwenye kona ya duka yenye giza. Chomeka pawabenki wakati inarekodi: kuna kamera ambazo zikiona umeme wa USB hudhani zimeunganishwa na kompyuta, zinakata kurekodi na kuonyesha alama ya diski. Hiyo haitakufaa kwenye shughuli ya saa tatu. Vuta karibu mpaka mwisho, uangalie kama skrini inaandika kwamba umetoka kwenye lenzi na kuingia kwenye uvutaji wa kidijitali. Huo wa kidijitali uzime kwenye menyu usahau kwamba upo. Ukifika nyumbani, fungua faili kwa programu ya bure ya MediaInfo, uone linatumia megabiti ngapi za data kwa kila sekunde. Faili la 1080p lenye megabiti chini ya 10 kwa sekunde litavunjika vipandevipande kila majani ya mti yakitikisika. Megabiti 25 zinatosha, 50 ni raha.

Hesabu ya kadi inatokana na namba hiyo hiyo. Megabiti 50 kwa sekunde, ukigawa kwa 8, ni megabaiti 6.25, kwa saa moja ni gigabaiti 22.5. Kadi ya GB 64 inabeba chini kidogo ya saa tatu. Kwa megabiti 100, saa moja inakula GB 45. Tafuta alama ya V30 au U3, maana yake kadi inahakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Maandishi makubwa ya "170 MB/s" upande wa mbele ni kasi ya kusoma, hayakuhusu wakati wa kurekodi.

Ugonjwa wa kadi kwetu ni bandia. Kadi ya GB 8 hupangwa idanganye kwamba ni GB 128. Inapokea faili bila kulalamika, majina yote yanaonekana, lakini kilichozidi nafasi yake ya kweli hakikuandikwa popote au kimefuta cha mwanzo. Utagundua siku unafungua video ya harusi na kukuta dakika kumi za mwanzo tu zinacheza. Dawa ni kuijaza yote kabla ya kazi na kuisoma upya: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux na Mac tumia F3. Kadi ya GB 64 inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde itachukua kama dakika 55 kujaa, kisha muda mwingine wa kusomwa. Ni saa mbili za uvumilivu, mara moja tu kwa kila kadi. Baada ya hapo ifomati ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta. Na usishangae kamera ikikata faili kila zinapofika GB 4: kwenye kadi za mpaka GB 32 mfumo wa FAT32 hauruhusu faili kubwa zaidi. Vipande hivyo vikiunganishwa kwenye programu ya kuhariri, havionyeshi mahali vilipokatwa.

Sasa umeme. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia umeme wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na za LED za bei ya chini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, kila fremu inapata kipande tofauti cha mpigo huo, na ukuta unaanza kupumua au mistari myeusi inapanda na kushuka. Wengi hukimbilia kubadilisha kamera. Ingia kwenye menyu, badilisha NTSC (mfumo wa nchi za hezi 60) iwe PAL (wa hezi 50), chagua fremu 25 au 50, shata iwe 1/50 au 1/100. Baadhi ya kamera zitajiwasha upya au kuomba kadi ifomatiwe, kwa hiyo toa kazi za zamani kwanza. Tatizo ni Handycam: nyingi huuzwa kwa aina mbili, ya 50 na ya 60, na menyu haibadilishi. Iliyotoka Japani au Marekani ni ya 60. Ya Ulaya au Dubai kwa kawaida ni ya 50. Ukishakuwa na ya 60, bado unaweza kuokoka kama inakuruhusu kuweka shata ya 1/100, kwa sababu muda huo unameza mpigo mmoja kamili wa taa, fremu ziwe ngapi ziwe. Kuna LED ambazo kifaa chake cha ndani ni kibovu na hupiga kwa kasi yake yenyewe. Hizo zima, fungua dirisha.

Mwangaza wa kujiendesha nao una mtego unaoonekana zaidi kwenye shughuli zetu. Kamera hudhani kila kinachojaza picha kiwe cha kijivu cha wastani. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta mweupe: kamera inashusha mwanga ili weupe uwe kijivu, na uso wake unazama kwenye giza. Ukiigeuza kwa akina mama waliokaa safu tatu na mabuibui meusi, inapandisha mwanga, na nyuso zinaungua kama zimepakwa unga. Tafuta alama ya EV, ya kuongeza au kupunguza mwangaza. Kwa kanzu, panda +0.7, kwa mabuibui, shuka -0.7; kisha lenga uso, ufunge. Ukifunga rangi ya mwanga pia, usiiache kwenye AUTO, picha haitabadilika kutoka rangi ya chungwa kwenda kijani kila mtu akipita mbele.

Utulizaji mtikisiko unaofanywa na programu hukata kingo za picha na unategemea mwanga mwingi. Mchana ni mzuri. Usiku kila fremu tayari imekokota ukungu wa mtikisiko ndani yake, programu inaweza kunyoosha fremu lakini ukungu haiuondoi, na taa zinaonekana kama zinatetemeka kwa homa. Kamera ikiwa kwenye stendi, uzime.

Nimeacha sauti mpaka sasa ingawa ndiyo ningeitolea pesa ya kwanza. Watu huvumilia picha yenye chenga. Sauti inayotoka kama ya kisimani wanaizima. Kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji inapungua desibeli 6, lakini mwangwi wa ukumbi na feni haupungui. Ndiyo maana maiki iliyomo kwenye kamera, mita nne mbali, haiokoleki hata ukiongeza sauti. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae shibiri moja chini ya kidevu. Kanzu iliyopigwa wanga na kitenge kipya hukwaruza, kwa hiyo ibane pembezoni na ufanye waya kitanzi kidogo kabla ya klipu, mtikisiko uishie hapo.

Angalia plagi. Yenye mistari mitatu myeusi ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera. Ukichomeka ya simu kwenye kamera bila adapta unaweza kupata mvumo au kimya. Maiki kama Boya BY-M1 ina swichi ya kamera na simu, pamoja na betri ndogo ya LR44 inayotumika upande wa kamera. Ikisahaulika imewashwa, siku ya kazi imekufa. Beba ya akiba. Ufukweni upepo wa kusi hausikii sponji. Unahitaji maiki ivae manyoya.

Kama kamera haina tundu, rekodi sauti kwenye simu iliyo mfukoni mwa msemaji, imezimwa mtandao. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Kofi la kwanza linakuonyesha pa kupachika sauti kwenye picha. La pili linakuonyesha zimepishana kiasi gani, kwa sababu saa za vifaa viwili hazitembei sawasawa, na baada ya saa nzima midomo inaweza kuachana na maneno kwa fremu kadhaa. Nyoosha sauti kidogo mpaka kofi la pili likae mahali pake.

Pwani, ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi itafanya ukungu. Ifungie kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, ipe dakika 20 hadi 30. Chumvi ya bahari ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mchanga upulize kwanza, ukiufuta mkavu umeichora lenzi.

Na usichomoe betri kabla taa ya kurekodi haijazimika. Ramani ya faili la MP4 kwa kawaida huandikwa mwishoni, umeme ukikatika kabla yake unabaki na gigabaiti ambazo hakuna kinachoweza kuzicheza. Likikukuta, usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo wala usiifomati, hata kamera ikikuomba. Nakili faili kama lilivyo, weka kadi nyingine, urekodi dakika moja au mbili kwa mipangilio ile ile kabisa: ukubwa ule, fremu zile. Programu ya bure ya untrunc huchukua faili hilo zima kama kielelezo, ikalijengea lile lililovunjika ramani mpya. Ukibadilisha mpangilio hata mmoja, kielelezo hakitafanana na mgonjwa, na kitakachotoka ni rangi za kijani na sauti ya kukwaruza.