Vitamini D haiui virusi jamani

Juzi tena niko Darajani namsikia mtu anamwambia mwenziwe anunue vitamini D maana "inaua virusi vya mafua", na kauli hii nshaisikia kwenye daladala, barazani, hata msibani, kwa hiyo leo tuiweke sawa.

Vitamini ni kitu ambacho mwili unakihitaji kidogo tu ila hauwezi kujitengenezea cha kutosha, lazima ule. Homoni ni ujumbe, unatengenezwa sehemu moja ya mwili unasafiri na damu kwenda kuamrisha sehemu nyengine. Basi.

Tatizo ni jina. Watu wanasikia "vita" mle ndani wanadhani ni mpiganaji, kumbe ile vita ni ya Kilatini, maana yake uhai, na neno lenyewe kalitunga Casimir Funk mwaka 1912. Homoni kaileta Ernest Starling mwaka 1905 kutoka Kigiriki, yaani kuchochea, kukisukuma kitu kiende. Sasa D imekaa kwenye jina ambalo si lake hasa, kwa sababu ngozi ikipigwa na jua inaitengeneza yenyewe, ini linaigeuza, figo zinaimalizia, ikitoka hapo ni homoni kamili, inakwenda kuzipa amri chembe za kinga. Inaamrisha, haipigani.

Ni kweli wagonjwa wengi wa korona waliozidiwa walikutwa D yao iko chini, lakini wazee na wanene wanakuwa nayo chache kabla hata hawajaumwa, na ugonjwa wenyewe unaishusha. Majaribio makubwa ya Uingereza na Norwei yaliyotoka 2022 hayakuona waliopewa D wakiambukizwa kidogo kuliko wenzao. Ila dawa ya deksamethasoni, ambayo ni ya ukoo wa homoni, mwaka 2020 ilionekana inaokoa wagonjwa waliokuwa kwenye oksijeni, tena kwa kuituliza kinga iliyopandisha hasira, sio kwa kumgusa kirusi.

Vitamini yenye ushahidi wa kupunguza ukali wa ugonjwa wa virusi ni A kwa mtoto mwenye surua, anapewa dozi siku mbili mfululizo, maana akipungukiwa nayo surua inaweza kumpofua. Wapemba na mawese yenu mekundu, yanayoupa mwili hiyo A, hapo mna bahati. Na hiyo A nayo haiui kitu, inalinda utando wa macho na mapafu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Darajani, sema "D ikipungua kinga inakosa amri zake", hapo umesema sawa, na kabla ya chupa ya pili kapime damu kwanza, kwani D ikizidi kalsiamu inapanda na figo ndio zinaumia.