Kwa nini wilaya za shule za Marekani huibuliwa hoja za ukaguzi wa ruzuku

Marekani ina wilaya za shule za umma zaidi ya 13,000, na takriban zote hupokea ruzuku za serikali ya shirikisho. Gazeti la mji likiandika kwamba wilaya imeibuliwa hoja na mkaguzi, wazazi wengi hudhani kuna mtu aliyekula fedha. Mimi hukagua ruzuku hizi, na wizi ni jambo la nadra katika majalada yanayopita mezani kwangu. Hoja nyingi zinahusu kazi iliyofanyika kweli na mtu aliyestahili kulipwa, isipokuwa wilaya haiwezi kuonyesha kwa maandishi kwamba malipo hayo yalipaswa kubebwa na ruzuku iliyoyabeba. Kasoro hiyo huzaliwa mahali pamoja karibu kila mara: kati ya ofisi inayowafahamu watoto na ofisi inayofahamu masharti ya fedha.

Fedha za shirikisho kwa kawaida ni karibu moja ya kumi ya mapato ya shule za umma, au pungufu. Sehemu kubwa ya fedha hizo hupitia idara ya elimu ya jimbo kabla ya kufika wilayani. Kubwa zaidi ni tatu: Title I, iliyoletwa na sheria ya elimu ya 1965 kwa ajili ya shule zenye watoto wengi wa familia maskini, ruzuku ya elimu maalumu kwa wanafunzi wenye ulemavu, na mpango wa chakula cha mchana ulioanza 1946, ambao uko chini ya Wizara ya Kilimo. Kila moja ina masharti yake, na juu ya zote ipo kanuni ya jumla inayojulikana kama 2 CFR 200. Wilaya iliyotumia dola 750,000 za shirikisho au zaidi katika mwaka mmoja ililazimika kufanyiwa ukaguzi mmoja unaounganisha hesabu zake na ruzuku zake. Kiwango hicho kimepandishwa hadi dola 1,000,000 kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baadaye, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa wilaya nyingi huanza Julai, wengi wameanza kuguswa na badiliko hilo katika mwaka ulioanza Julai 2025. Baadhi ya wakuu wa wilaya ndogo wamelipokea kama nafuu. Sikubaliani nao sana, kwa sababu masharti ya matumizi yamebaki palepale na jimbo bado lina haki ya kuja kuyafuatilia.

Kwa msomaji aliyezoea ripoti za CAG wa Tanzania, kuna tofauti moja ya kuzingatia. Hapa, katika majimbo mengi, wilaya yenyewe ndiyo inayoajiri kampuni binafsi ya wakaguzi na kuilipa, ingawa yapo majimbo kama Washington ambako ofisi ya mkaguzi wa jimbo hufanya kazi hiyo. Ripoti hupaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30 baada ya wilaya kuipokea au ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kutegemea lipi linatangulia, na huwekwa katika kanzidata ya shirikisho ambayo mwananchi yeyote anaweza kuifungua.

Eneo linalozaa hoja nyingi ni mishahara, maana sehemu kubwa ya fedha za Title I hulipa watu. Tuchukue mfano wa mwalimu wa kusoma katika shule ambayo Title I inawalenga wanafunzi waliochaguliwa tu, na si shule nzima. Mshahara wake ni dola 58,000 kwa mwaka. Asilimia 60 inalipwa na Title I na asilimia 40 na fedha za wilaya, kwa sababu ratiba yake ilipangwa hivyo mwezi Agosti. Mwezi Januari mwalimu wa darasa la nne anaacha kazi na mbadala hapatikani, kwa hiyo mwalimu mkuu anamhamishia yule wa kusoma katika darasa hilo kwa siku nzima. Uamuzi huo ni wa busara kabisa kwa upande wa watoto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeiambia ofisi ya mishahara, na ile namba ya akaunti inayogawa mshahara 60 kwa 40 inaendelea kusoma hivyo hivyo mpaka Juni.

Mkaguzi akifika, huchagua sampuli ya malipo ya mishahara na kuomba kumbukumbu za muda wa kazi. Kanuni inataka mshahara unaotozwa kwenye ruzuku utegemee kumbukumbu zinazoonyesha kazi iliyofanyika; makadirio ya bajeti yanaruhusiwa kutumika kwa muda, mradi baadaye yalinganishwe na hali halisi na kurekebishwa. Analetewa karatasi ya uthibitisho yenye asilimia zilezile za Agosti, na karatasi za walimu wote zimetiwa saini siku moja mwezi Juni, kwa kalamu moja, na mara nyingine zikiwa na mwandiko mmoja wa tarehe. Kisha anaomba ratiba ya shule ya Februari. Hapo jambo limekwisha.

Hesabu yake ni hii: asilimia 60 ya nusu ya mshahara ni dola 17,400. Wilaya hutetea kwamba kiasi hicho hakifiki dola 25,000, ambacho ni kiwango cha kulazimu gharama zenye mashaka kuandikwa kama hoja. Utetezi huo unasahau kwamba kanuni inataja gharama zinazojulikana na pia zile zinazokadiriwa. Kama kosa limeonekana katika sampuli ya watu wachache kati ya makumi, mkaguzi hulikadiria kwa kundi zima, na 17,400 hupita 25,000 kwa urahisi. Niongeze kwamba shule ambayo Title I inaihudumia nzima ina mzigo mwepesi zaidi wa kumbukumbu hizi, na nimeshangaa kuona wilaya zenye shule zinazostahili utaratibu huo zikiendelea na ule mgumu kwa mazoea tu.

Fedha za janga la UVIKO-19 zilileta hoja za namna nyingine. Kati ya Machi 2020 na Machi 2021 Bunge liliidhinisha takriban dola bilioni 190 kwa shule katika awamu tatu, na wilaya nyingi zilitumia sehemu ya fedha hizo kubadilisha mifumo ya hewa na joto katika majengo yaliyochakaa. Mafundi wanaofanya ujenzi kwa fedha hizo hulindwa na sheria ya Davis-Bacon ya 1931: mkataba unaozidi dola 2,000 lazima uwe na kifungu cha viwango vya mishahara vya eneo husika, na mkandarasi lazima awasilishe kila wiki orodha ya malipo iliyothibitishwa kwa saini. Ofisi za majengo za wilaya hazikuwa na uzoefu huo, kwani siku zote zilijenga kwa kodi na hatifungani za wilaya. Mifumo ilifungwa, mkandarasi akalipwa, na orodha za kila wiki zikaombwa baada ya mkaguzi kuziulizia. Mkandarasi aliyekwisha kulipwa hana haraka ya kutafuta karatasi za miaka miwili iliyopita.

Kwa upande wa manunuzi nitasema kidogo, maana makosa yake hujirudia bila jipya: nukuu za bei zinakosekana, mzabuni pekee anateuliwa bila maelezo, na mkataba wa dola 25,000 au zaidi unasainiwa bila ushahidi kwamba muuzaji hayumo katika orodha ya waliofungiwa. Hili la mwisho huumiza, kwani karani mara nyingi ameangalia orodha hiyo mtandaoni na hakuchapisha ukurasa.

Hoja nyingine inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kiwango cha kuhitimu sekondari hukokotolewa kwa kundi la wanafunzi walioanza pamoja, na sheria inaruhusu kumwondoa mwanafunzi katika kundi hilo kwa sababu chache tu, kila moja ikiwa na uthibitisho wa maandishi. Aliyehamia shule nyingine anahitaji hati rasmi, kwa mfano ombi la kumbukumbu zake kutoka shule mpya. Familia za wakimbizi kutoka Kongo mara nyingi huhama jimbo kufuata ndugu au kazi, na huondoka mwishoni mwa juma bila kuaga. Karani huandika "amehama" kwa kuambiwa na jirani, na asilimia ya wahitimu hupanda kwa kuondoa jina lisilo na ushahidi. Mzazi anayehama anaweza kuzuia hilo kwa kuitaka shule mpya iombe jalada la mtoto mara moja, jambo linalomsaidia mtoto mwenyewe kupewa madarasa yanayomfaa.

Hoja iliyoandikwa vizuri hutaja kigezo, hali iliyokutwa, sababu, athari, kiasi cha fedha na pendekezo. Sehemu dhaifu kuliko zote ni sababu, na lawama hii inawahusu wakaguzi wenzangu vilevile. Tunaandika "usimamizi haukutosha" au "mtumishi mpya", wilaya inajibu kwamba itatoa mafunzo, na mwaka unaofuata hoja inarudi. Kwa yule mwalimu wa kusoma, sababu halisi ni kwamba fomu ya kubadilisha ratiba haina nakala inayokwenda kwa meneja wa ruzuku. Sababu ya namna hiyo inarekebishika kwa wiki moja, na haihitaji semina.

Baada ya ripoti kupokelewa katika kanzidata, jimbo lina miezi 6 ya kutoa uamuzi kuhusu ruzuku zilizopita kwake. Likiamuru fedha zirudishwe, wilaya hulipa kutoka katika mapato yake yasiyo ya shirikisho. Wizara ya Elimu nayo, inapodai fedha, kwa ujumla haiwezi kudai zilizotumika zaidi ya miaka 5 kabla ya notisi yake, na deni hupimwa kwa uwiano wa madhara yaliyotokea. Mara nyingi basi gharama kubwa haiko katika marejesho. Udhaifu mkubwa ukionekana katika programu kubwa, wilaya hupoteza hadhi ya kuwa na hatari ndogo, na ili kuirudisha inahitaji miaka miwili mfululizo ya ukaguzi usio na dosari ya aina hiyo. Katika kipindi hicho mkaguzi hulazimika kupima programu zinazobeba angalau asilimia 40 ya matumizi ya shirikisho badala ya 20, na ankara ya kazi hiyo ya ziada huenda kwa wilaya.