Sifa na Kuabudu: Tunayoyasema na Yaliyoandikwa

Ibada ya Jumapili katika makanisa yetu mengi ina kipindi kinachoitwa "sifa na kuabudu". Kiongozi wa sifa anaanza na mapambio ya kuchangamka, watu wanaruka, leso zinapepea. Baadaye mpiga kinanda anapunguza mwendo, macho yanafumbwa, mikono inainuliwa, nasi tunatangaziwa kwamba sasa tumeingia katika kuabudu. Utaratibu huo hauna kosa. Kosa liko katika mafundisho yaliyoota pembeni yake, ambayo waumini wengi wameyapokea bila kuyapima kwa Maandiko. Mengine yanawaumiza watu kweli kweli.

"Sifa ni nyimbo za haraka, kuabudu ni nyimbo za taratibu"

Hakuna andiko linalogawa hivyo. Soma Zaburi ya 95 yote kwa pamoja. Inaanza kwa shangwe, watu wakimpigia Bwana kelele za furaha kwa zaburi. Katikati inasema, "Njoni, tuabudu, tusujudu, tupige magoti mbele za BWANA aliyetuumba." Kisha, pale ambapo sisi tungetarajia pambio jingine, inageuka kuwa onyo: leo mkiisikia sauti yake, msifanye migumu mioyo yenu kama kule Meriba, jangwani Israeli walipomjaribu Mungu. Kusifu ni kutangaza Mungu ni nani na ametenda nini. Kuabudu ni kuinama mbele zake, na anayeinama husikiliza na kutii. Wimbo wa haraka unaweza kubeba yote mawili, na wa taratibu unaweza usibebe hata moja.

"Muziki ukizimwa, kuabudu kumekwisha"

Abrahamu alipofika karibu na mlima wa Moria aliwaambia vijana wake wabaki na punda, "na mimi na kijana tutakwenda kule, tukaabudu". Alichobeba ni moto na kisu, na Isaka alikuwa na kuni mgongoni. Hakuna wimbo unaotajwa. Ayubu, baada ya kupewa habari za kufa kwa watoto wake, alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini akasujudu. Na makanisa yenye mkalimani wa lugha ya alama yana waumini viziwi wanaomwabudu Mungu kila wiki bila kusikia noti hata moja.

Paulo anapowaandikia Warumi kuhusu "ibada yenu yenye maana" (12:1), anazungumzia kuitoa miili yao iwe dhabihu iliyo hai. Maana yake ni mikono inayopima unga dukani, ulimi unaoongea na mke nyumbani, saini inayowekwa kwenye hati ya ofisi. Nabii Amosi alikuwa mkali zaidi: Mungu aliwaambia Israeli wamwondolee kelele za nyimbo zao, wala vinanda vyao hataki kuvisikia, kwa sababu maskini walikuwa wanakanyagwa na haki inauzwa langoni. Waimbaji wenyewe huenda walikuwa hodari sana.

"Sifa humshusha Mungu"

Hili ndilo ninalolisikia mara nyingi kuliko yote, na msingi wake ni Zaburi 22:3, kwamba Mungu huketi juu ya sifa za Israeli. Kutoka hapo tunaruka hadi kusema kwamba tusipoimba vya kutosha uwepo wa Mungu hautashuka, na kanisa likipoa kiongozi anawalaumu watu: "Leo mmemfungia Mungu mlango!"

Lakini rudi mistari miwili nyuma. Zaburi hiyo inaanza kwa kilio: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Anayesema maneno ya mstari wa tatu ni mtu anayelia mchana na usiku wala hajibiwi. Hatoi mbinu ya kumshusha Mungu. Anakiri kwamba Mungu ni mtakatifu na amekaa katika enzi yake hata sasa, wakati yeye mwenyewe hahisi chochote. Ndiyo zaburi ambayo Yesu aliitamka msalabani. Na Paulo aliwaambia watu wa Athene waziwazi kwamba Mungu hahudumiwi kwa mikono ya wanadamu kana kwamba anahitaji kitu (Matendo 17:25).

Dhana hii ina binti yake: kwamba mwenye huzuni aache huzuni mlangoni. Nimemwona mama aliyetoka kuzika juzi, kitenge cha msiba bado kiunoni, akihimizwa kwa maiki acheke na jirani yake na kuruka mara tatu. Kitabu cha Zaburi kisingemfanyia hivyo. Kimejaa maombolezo, na Zaburi ya 88 inaisha gizani bila hata mstari mmoja wa kufariji. Hata hivyo iliimbwa: kichwa chake kinaiita wimbo, na kinamtaja mwimbishaji. Mama yule akikaa kimya na kumlilia Bwana, anaabudu.

"Ukisifu, milango itafunguka"

Wanaofundisha hivi hutaja yaliyotokea gerezani katika mji wa Filipi (Matendo 16). Paulo na Sila walikuwa wamepigwa bakora, miguu imekazwa kwenye mkatale, na usiku wa manane waliomba na kumwimbia Mungu hadi tetemeko likaja na milango ikafunguka. Ni kweli, ilitokea. Ila angalia walichofanya milango ilipofunguka: hawakutoka. Paulo alipaza sauti kumzuia mlinzi aliyetaka kujiua, "sisi sote tupo hapa". Kama kuimba kulikuwa kwa ajili ya kutoka, wangekimbia.

Kisha fuata maisha ya Paulo mbele. Kaisaria alikaa kifungoni miaka 2, liwali Feliki akamwacha humo ili kuwapendeza Wayahudi. Rumi alikaa miaka mingine 2 chini ya ulinzi. Barua ya Wafilipi, iliyokwenda kwa kanisa la mji uleule wa tetemeko, aliiandika akiwa mfungwa, na ndiyo inayosema, "Furahini katika Bwana sikuzote". Muumini anayeambiwa kwamba kazi au mtoto hajapatikana kwa sababu hajasifu vya kutosha anabebeshwa mzigo ambao Paulo hakuwahi kuubeba.

"Ngoma ni za kidunia, kinanda ndicho cha kanisa"

Zaburi ya 150 inataja matari, kucheza na matoazi, kwa hiyo sitakawia hapa. Kinanda cha mabomba kilipigwa katika viwanja vya Warumi wakati watu wakipigana hadi kufa, na mwaka 1527 wanamatengenezo (Waprotestanti wa mwanzo) wa Zürich, Uswisi, walikivunja kile cha kanisa lao kuu. Waorthodoksi wa Kigiriki na wa Kirusi kwa desturi huimba bila ala. Wakatoliki, kwa hati ya Desemba 1963 ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, waliupa muziki wa asili wa kila taifa nafasi yake katika ibada.

La kupima ni maneno. Wakolosai 3:16 inataka neno la Kristo likae kwa wingi ndani yetu, tukifundishana kwa zaburi na nyimbo. Yapo mapambio ambayo toka mwanzo hadi mwisho ni mimi nitainuliwa, adui zangu wataaibika, na jina la Yesu limetiwa kwenye kiitikio tu. Timu ya sifa inaweza kuanza mazoezi kwa kuyasoma maneno ya kila wimbo kwa sauti, kinanda kikiwa kimezimwa, na kuulizana: wimbo huu unasema Mungu amefanya nini?